Chembe sahani zilishuka mpaka 68,000, leo naambiwa ninywe aspirini

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina miaka 29. Naishi Mtwara mjini na mume wangu, lakini kwetu ni kijiji kimoja huko juu Newala. Tuna mtoto wa kike anayekaribia miaka minne. Sasa nina mimba ya pili, wiki 14 kwa hesabu ya kliniki, na natarajia kujifungua mwanzoni mwa Desemba.

Mimba ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka wiki ya 28. Kwenye kadi presha imeandikwa 118/74. Wiki ya 32 ikasoma 138/88. Niliambiwa nipunguze chumvi, nipumzike, nirudi baada ya mwezi. Mwezi haukufika. Wiki ya 33 kichwa kilianza kuuma, macho yakaona vimulimuli, na chembe ya moyo ikauma sana upande wa kulia. Nikadhani ni vidonda vya tumbo, nikanywa dawa ya kiungulia. Usiku nikaanguka kifafa. Nilipozinduka nilikuwa hospitali. Presha 172/114, mkojo una protini ya alama tatu, na kwenye karatasi ya damu mstari wa PLT, yaani chembe sahani zinazogandisha damu, ulisoma 68. Nilipewa magnesi, dawa ya kuzuia kifafa, nikapasuliwa kwa usingizi kamili, maana walisema sindano ya mgongo haiwezekani chembe sahani zikiwa chache vile. Mtoto alizaliwa na kilo 1.6, tukalea kifuani ngozi kwa ngozi hadi akakua. Baada ya wiki sita PLT ilikuwa 231.

Safari hii daktari wa mjini ameangalia kadi ya zamani na kuniandikia aspirini ya miligramu 75, vidonge viwili kila usiku, mpaka wiki ya 36. Nilipoonyesha kwenye zahanati ya karibu, muuguzi alishtuka. Alisema aspirini haipewi wajawazito, inatoa damu. Nikasoma karatasi ya ndani ya boksi, nayo inatahadharisha wajawazito. Mimi mwenyewe najiuliza: chembe zinazogandisha damu ndizo zilizoniishia mwilini, sasa kwa nini nipewe dawa ya kuzidhoofisha zilizobaki?

Upande wa pili ni nyumbani. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, akiwa na mimba. Alianguka kama nilivyoanguka mimi. Walimpeleka hospitali akarudi akiwa maiti. Aliyenilea ni mama mkubwa, ambaye ni kungwi na anaheshimiwa sana kijijini. Anasema kile kifafa si cha hospitali, kimo ndani ya ukoo na kina dawa yake. Anataka mwezi wa saba wa mimba ukifika nipande Newala, ninywe mizizi yake, nifungwe hirizi, nijifungulie mikononi mwake. Anasema pia mara ya kwanza nilipatwa kwa sababu nilikuwa peke yangu mjini. Mjomba amekubaliana naye, na kwetu mjomba akishasema, imekwisha.

Mume wangu ni kibarua bandarini. Mimba itakomaa katikati ya msimu wa korosho, na wakati ule halali nyumbani. Ananiambia, "Amua wewe na wenu." Nikimkatalia mama mkubwa sina wa kuniangalizia mtoto, na roho itaniuma maana ndiye mama niliyenaye. Aspirini nimeihamishia kwenye kopo la FeFo, vile vidonge vya kuongeza damu, asiione. Akija kututembelea naruka siku mbili tatu.

Nimsikilize nani?

Mjamzito wa Mtwara

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa yaliyokupita. Umeandika na tarakimu zake, na hilo limenisaidia sana. Barua nyingi husema "presha ilipanda" zikaishia hapo.

Nikikusoma naona mafundo mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. Moja ni la damu: dawa inayopunguza nguvu ya chembe sahani unaiogopa, kwa kuwa chembe hizo ndizo zilizokuishia. Jingine ni la nyumbani: aliyekulea anakuita kwake, na kumkatalia ni kama kumkana. Nitakaa zaidi kwenye hilo la damu. Nadhani likilegea, la pili litapatikana pa kulishika.

Tuanze na ile 68. Mashine huandika kwa maelfu, kwa hiyo ni chembe 68,000 katika kila mikrolita ya damu, wakati kawaida ni 150,000 hadi 450,000. Umeipokea namba hiyo kama ushahidi kwamba mwili wako hauna chembe za kutosha. Lakini wiki sita baadaye ulikuwa na 231,000, bila dawa yoyote ya kuziongeza. Kiwanda chake ni uboho ndani ya mifupa, na kila chembe huishi siku 7 hadi 10 tu, kwa hiyo mwili unatengeneza mpya kila siku. Cha kwako hakikusimama hata usiku ule. Magunia ya korosho yakipungua ghalani mwezi wa Novemba hakuna anayesema mikorosho haikuzaa. Yamesombwa kwenda bandarini. Chembe zako zilisombwa hivyo hivyo, zikatumika kwa kasi kuliko zilivyoletwa.

Zilitumika wapi? Kwenye priklampsia, ile presha ya mimba iliyokufikisha kwenye kifafa. Hapa inabidi turudi nyuma hadi miezi ambayo ulijiona mzima kabisa. Mimba ikiwa changa, chembechembe za kondo la nyuma huingia kwenye mishipa midogo ya mji wa mimba na kuipanua, ili baadaye ipitishe damu nyingi bila kubanwa. Kazi hiyo huwa imekwenda mbali kufikia wiki ya 16, na kwa kawaida imekamilika karibu na wiki ya 20. Isipofanyika sawasawa mishipa hubaki myembamba, kondo hupata damu kidogo, nalo huanza kumwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyojeruhi utando wa ndani wa mishipa yake mwili mzima. Utando mzima hutoa prostasaiklini, kitu kinacholegeza mshipa na kuzituliza chembe sahani. Ukijeruhiwa, prostasaiklini hupungua. Chembe sahani zikipita hapo hudhani kuna kidonda. Zinaamka, zinabadili umbo, zinashikana, na kutoa thromboksani, ambayo hubana mshipa na kuziita chembe nyingine. Zilizoitwa nazo hutoa thromboksani yao. Presha inapanda, na vidonge vidogo vya damu iliyoganda vinaziba njia ndani ya figo, ini na ubongo.

Sasa rudi kwenye dalili zako. Protini kwenye mkojo ni figo. Vimulimuli na kichwa ni ubongo. Ile chembe ya moyo iliyouma upande wa kulia ni ini lililovimba ndani ya ngozi yake. Nakuomba uishike hiyo ya mwisho, maana ndiyo inayodanganya kuliko zote. Wanawake wengi hupewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani. Kwa mama aliyepita wiki 20, maumivu mapya chini ya mbavu za kulia yapimiwe presha, mkojo na damu kwanza, kiungulia kifikiriwe baadaye. Je, vidonda vya tumbo uliwahi kupimwa ukaonekana navyo, au ulikisia tu? Jibu lake lina uzito kwenye aspirini, kama utakavyoona.

Aspirini kwa dozi ndogo hukata mnyororo huo kwenye thromboksani. Huzima kimeng'enya ndani ya chembe sahani ambacho thromboksani hutengenezwa kwacho, na chembe sahani, kwa kuwa haina kiini, haiwezi kutengeneza kimeng'enya kingine hadi inakufa. Utando wa mshipa una viini. Wenyewe hutengeneza upya na kuendelea kutoa prostasaiklini. Siri yote ya kuifanya dozi iwe ndogo imelala hapo. Idadi ya chembe haipungui kwa dawa hii. Kinachopungua ni ile tabia ya kuamshana na kushikana bila kidonda. Kwa hiyo swali lako, kwa nini kuzidhoofisha zilizobaki, ningeligeuza hivi: zilizobaki zilikuwa chache kwa sababu nyingi zilikuwa zimeamshwa. Dawa inaingia sasa, mishipa ya kondo ikiwa bado inajengwa na chembe zako zikiwa kamili, ili zisifike huko. Ungekuwa leo una 68,000, daktari yeyote angesita kuianza, na angesita kwa haki. Ndiyo maana ni busara umwombe picha kamili ya damu sasa, ile inayoandikwa FBP, uwe na namba ya kuanzia. Huku kwetu malaria nayo hushusha chembe sahani, kwa hiyo namba ikiwa ya chini wapime na malaria kabla ya kulaumu presha.

Muuguzi wa zahanati usimwone mjinga. Aspirini anayoijua ni ile ya kutuliza maumivu, kidonge cha miligramu 300, kimoja au viwili kwa mkupuo, mara kadhaa kwa siku. Dozi hiyo mwishoni mwa mimba kweli ina hatari kwa mama na kwa mtoto, na karatasi ya boksi imeandikwa kwa ajili hiyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kwa siku kwa mama mwenye hatari kubwa, ianzwe kabla ya wiki ya 20. Miligramu 150 wakati wa kulala ndiyo iliyotumika kwenye utafiti wa ASPRE uliochapishwa mwaka 2017: waliianza kati ya wiki 11 na 14, wakaacha wiki ya 36, na priklampsia inayolazimisha kujifungua kabla ya wiki ya 37 ilipungua kwa asilimia 62. Kwa hiyo hao wawili, daktari na muuguzi, wanazungumzia dozi tofauti za dawa moja. Mwombe daktari aandike kwenye kadi ya kliniki sababu, dozi na tarehe ya kuacha, ili zahanati isikubishie tena.

Sitakuficha hatari zake. Baadhi ya tafiti zimeona ongezeko dogo la kutokwa damu wakati wa kujifungua na baada yake, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuisimamisha wiki ya 36. Haimfai mwenye mzio wa aspirini, mwenye pumu inayochochewa nayo, wala mwenye kidonda cha tumbo kinachovuja. Usiichanganye na diklofenaki au ibuprofeni unazonunua dukani kwa ajili ya mgongo. Maumivu yakizidi, parasetamo. Vidonge vya 75 vikiadimika dukani usijikatie mwenyewe vya 300 bila kumuuliza daktari: vyenye ganda gumu la nje havikatwi, na robo za kisu hazilingani.

Kuhusu siku mbili tatu unazoruka, hesabu yake ni nyepesi. Kwa kuwa chembe huishi siku 7 hadi 10, kila siku takriban moja ya kumi ni mpya na haijaguswa na dawa. Usiku mmoja ukisahau, endelea kesho bila kuzidisha dozi, si neno. Siku tatu mfululizo, karibu theluthi ya chembe zako ziko huru. Katika utafiti ule waliomeza angalau asilimia 90 ya vidonge ndio waliofaidika zaidi. Nina wasiwasi pia na lile kopo la FeFo. Kidonge kilichofichwa hakimo kwenye kadi wala kwenye kumbukumbu ya atakayekusindikiza. Siku ukishindwa kujieleza, atakayekupasua hatajua umekunywa nini jana.

Halafu tusiipe aspirini sifa isiyo yake. Inapunguza hatari, haiiondoi. Kwa makadirio ya Uingereza, mwanamke ambaye priklampsia ilimzalisha kati ya wiki 28 na 34 ana nafasi kama moja kati ya tatu ya kuipata tena. Wewe ulizaa wiki ya 33, na mama yako alianguka akiwa mjamzito, kwa hiyo nisingekuhesabu chini ya hapo. Kuna kinga nyingine nafuu, vidonge vya kalsiamu, hasa kwa tunaokula kalsiamu kidogo. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Bangalore, wanawake 11,000 wenye mimba ya kwanza kila upande, ulionyesha mwaka 2024 kwamba miligramu 500 kwa siku hazikuwa duni kuliko 1,500 katika kuzuia priklampsia. Muulize daktari. Ukiandikiwa, itenganishe na FeFo kwa saa kadhaa, la sivyo kalsiamu itazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Kupunguza chumvi na kulala kutwa, walivyokushauri wiki ya 32, havizuii ugonjwa huu. Ng'onda yako kula kwa kiasi. Kilichokuwa na maana wiki ile ni kupimwa tena ndani ya siku chache, maana kutoka 118/74 hadi 138/88 ni mpando mkubwa hata kama 140 haijafikiwa.

Hapo ndipo ningeweka fedha kama zipo kidogo: mashine ya presha ya mkononi, ya kufunga juu ya kiwiko, za kifundo cha mkono hukosea kirahisi. Siku ya kwanza nenda nayo kliniki, mlinganishe na ya kwao. Pima asubuhi na jioni baada ya kukaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kukunja, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu, bila maongezi. Andika kila namba, hata inayokufurahisha. Ikisoma 140/90, ya juu au ya chini yoyote kati ya hizo ikifika, nenda kituoni siku hiyo hiyo ukapimwe na mkojo. Ikifika 160/110 hupangi safari ya kesho, unaondoka. Umesema ulitambua kwa kichwa na macho, nami ningependa usizisubiri dalili hizo: presha ya mimba mara nyingi hupanda kimya, na kichwa kikianza kugonga mambo huwa yamekwenda mbali.

Sasa mama mkubwa. Umemweleza kama mtu anayepinga hospitali. Mimi nimesoma kitu kingine kwenye sentensi yako moja: dada yake alipelekwa hospitali akarudi maiti. Huyu anaogopa kumzika mtoto baada ya kumzika mama. Na anaposema kile kifafa kimo ndani ya ukoo, kwa hilo hayuko mbali na kitabu; binti wa aliyepata kifafa cha mimba ana hatari zaidi ya wengine. Mngeweza kuanzia hapo mnapokubaliana. Ila ile hoja yake ya upweke wa mjini, sijui kama inasimama. Mishipa ya kondo huwa imeshajengwa, vizuri au vibaya, miezi mingi kabla ya usiku wa kifafa. Alichokuwa nacho sahihi ni kwamba usiku ule hukuwa na mtu wa kukuona mapema.

Umewahi kwenda naye kliniki? Jaribu mara moja, siku unapopimwa presha, na umwombe daktari amweleze yeye, kwa heshima, habari ya 68 na 231. Kungwi amezoea kufundisha mwili wa mwanamke. Huenda akaelewa haraka kuliko mjomba. Na mjomba akisikia kutoka kwa dada yake mwenyewe, hutakuwa wewe uliyembishia.

Njia ninazoziona ni kama tatu, na hakuna isiyo na gharama. Unaweza kubaki mjini moja kwa moja, karibu na Hospitali ya Ligula au ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, ambako kuna madaktari bingwa na chumba cha upasuaji. Hatari yake ni usiku wa msimu wa korosho, mume yuko bandarini na wewe na mtoto wa miaka minne ndani. Kifafa hakimpi mtu nafasi ya kupiga simu mwenyewe. Unaweza kwenda Newala mapema, tuseme sasa hadi mwezi wa sita wa mimba, ule utulivu wa nyumbani, halafu ushuke kabla ya wiki ya 28. Huko utapaswa kuhakikisha kliniki haikatiki, na vidonge viwe mezani. Kupanda mwezi wa saba, kama anavyotaka yeye, kunakuweka mbali hasa katika wiki ambazo ugonjwa wako ulitokea. Newala ina hospitali ya wilaya, sisemi ni porini, lakini kutoka kijijini hadi hapo, na kutoka hapo hadi Mtwara ikibidi, ni saa za barabara kwa mtu ambaye presha yake inapanda kwa dakika. Ukiamua hivyo hata hivyo, ulizia mapema kama wana magnesi, kama wanapima chembe sahani siku za mapumziko, na watoto njiti wanalazwa wapi.

Ya tatu ni kumleta yeye mjini kuanzia wiki ya 28. Mtoto atapata wa kumwangalia, nawe utapata jicho la usiku. Gharama yake ni kwamba anaacha mikorosho yake wakati wa kuokota, na pengine anaacha wanawali wake. Hilo si dogo, na mumeo anaweza kulichangia kwa fedha ya kibarua wa kuokotea, kama "amua wewe na wenu" ilikuwa na maana ya kukuunga mkono. Sijui kama alimaanisha hivyo. Ungemuuliza wazi, kwa kutaja kiasi.

Hirizi haina ugomvi na aspirini, mwache aifunge. Mizizi ya kunywa ni jambo jingine. Baadhi ya dawa za asili huamsha mji wa mimba kabla ya wakati, na nyingine hazijulikani zinafanya nini kwenye ini ambalo tayari lilishaumia mara moja. Pengine akubali kuzisubirisha mpaka utakapojifungua; kumwambia "bado" ni rahisi kuliko kumwambia "sitaki".

Vyovyote utakavyochagua, mfundishe atakayelala nawe la kufanya ukianguka: akulaze ubavu wa kushoto, aondoe vitu vya kukuumiza, asikutie kijiko wala kitambaa mdomoni, asikushike kwa nguvu, apige 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, ambayo ni bure, na kadi aibebe. Kwenye kadi hiyo iandikwe kwa kalamu inayoonekana: kifafa cha mimba wiki ya 33, PLT 68, upasuaji. Mhudumu akijua chembe zako ni chache atapendelea kukupa magnesi kwa mshipa, maana sindano ya nyama ya paja au tako kwa mtu wa namna hiyo huweza kuacha uvimbe wa damu. Wa usingizi naye atataka FBP ya siku hiyo hiyo kabla ya kugusa mgongo. Wengi husita zikiwa chini ya 70,000, na ndiyo sababu mara ya kwanza ulilazwa usingizi. Tafuta na ndugu wawili watatu wa kuchangia damu, wapimwe makundi yao kabla ya Novemba. Chembe sahani za kuongezewa hazipatikani kila hospitali, kwa hiyo damu iliyoko tayari ina thamani.

Na mtoto akizaliwa, ugonjwa hautoki siku hiyo. Chembe huweza kuendelea kushuka kwa siku moja au mbili kabla ya kupanda, na presha huwa juu zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6, wakati ambapo wengi wameshapewa ruhusa na wako nyumbani wanakandwa maji ya moto. Mwombe mama mkubwa maji hayo yasubiri mpaka mshono upone na chembe zihesabiwe zimerudi, hasa kwa yale mabonyezo ya tumbo. Kwa arobaini yote presha ipimwe, kila siku kwa wiki ya kwanza, halafu kila baada ya siku chache, kwa kuwa kifafa huweza kuja hata wakati huo. Kichwa kisichosikia parasetamo baada ya kujifungua ni safari ya hospitali kama kabla yake. Arobaini ikitimia, uende kliniki na karatasi zote mbili za damu, mzungumze pia uzazi wa mpango: vidonge vyenye homoni mbili havimfai mwenye presha, ila kitanzi na vijiti vipo.

Niandikie tena ukishapata FBP ya sasa, na unitajie presha ya kliniki ijayo kama ilivyoandikwa kwenye kadi, ya juu na ya chini.